Mifupa ya Adut

Tulimzika Sista Akai mjini Lodwar mwaka jana, asubuhi, kabla jua halijapanda, na hata hivyo vijana waliochimba kaburi walipokezana mtaimbo kila mara, maana ardhi ya kule ni ngumu na haina haraka ya kumpokea mtu. Aliishi na shinikizo la damu kwa miaka mingi, akafa usingizini, kifo ambacho mwenyewe angekiita cha uvivu. Mwanawe mkubwa alinitambulisha kwa waombolezaji kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikatakata: "Huyu ndiye Daktari Mumbua. Ni daktari ya mifupa, lakini si ile ya kufunga plasta. Yeye ni ile ya kuuliza mfupa kwa nini umekuwa dhaifu." Watu walicheka kidogo, nami nikacheka, kwa sababu katika miaka yote niliyofundisha habari za homoni na mifupa sijasikia kazi yangu ikielezwa vizuri namna ile. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisema machache. Mengine nayaandika hapa. Ni ya mwaka mmoja tu, wa tisini na sita, na ndio mwaka ulionionyesha kazi niliyoumbiwa.

Nilipelekwa Kakuma nikiwa nimemaliza tu mafunzo ya vitendo, daktari mwenye koti jipya na viatu visivyofaa mchanga. Zahanati yetu ilikuwa ukingoni mwa kambi ya wakimbizi, majengo machache ya saruji na mabati, na nyuma yake palikuwa na nyumba za wafanyakazi, zilizogawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba kiasi kwamba nilimsikia Sista Akai akigeuka kitandani. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, ndoo mbili na chandarua ambacho vumbi lilikuwa limekigeuza rangi ya chai. Akai alikuwa muuguzi mkuu, Mturkana wa Lodwar, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata alipoomba chumvi. Alianza kunipikia siku ya kwanza bila kuniuliza kama nataka. Tulikula barazani: ugali, samaki mkavu wa kutoka Ferguson's Gulf, kwenye Ziwa Turkana, aliyeloweshwa na kukaangwa kwa kitunguu, na chai ya maziwa ya mbuzi yenye harufu ya moshi, kwa sababu kule kibuyu cha maziwa husafishwa kwa kaa la moto. "Kula, Daktari," alikuwa akisema. "Hapa mtu mwembamba ni mgonjwa ama ni mchungaji, na wewe huna mbuzi." Habari za kambi zilitufikia palepale tulipokaa, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kisomali, na kwa Kiswahili cha kila aina ambacho kila mmoja alikinyoosha alivyoweza.

Ni kwenye chakula hicho nilipozisikia habari za Adut kwa mara ya kwanza. "Kuna mama moja ya TB ya mgongo amekataa kupona," Akai alisema huku akitoa miiba ya samaki. "Amemeza dawa miezi mingi sasa. Kila akikuja ni mgongo, mgongo. Mimi nafikiri huyu anapenda tu kukaa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amewaona watu waliotembea kwa majuma kutoka Sudan ya kusini na watoto mgongoni, na mtu aliyeshindwa kuvuka uwanja wa zahanati alimtatiza. Nilimwambia amlete.

Adut alikuja Jumatano. Nilimwona akiwa bado mbali, akivuka mchanga: mwanamke mrefu wa Kidinka, rika langu au karibu, mjamzito wa miezi sita, akiyumba kushoto na kulia kama bata na mkono mmoja akiwa ameukandamiza kwenye nyonga. Alikuwa fundi cherehani, na sare nyingi za shule upande ule wa kambi zilipita mikononi mwake. Mumewe alikuja mwanzoni mwa mwaka, akakaa majuma machache, akarudi vitani, na tangu hapo hakukuwa na habari zake. Aliketi kwenye benchi akanitazama bila woga.

"Daktari, mimi si mtu ya TB," alisema. "Mfupa yangu ndiyo inauma. Yote. Hata hapa." Akagusa muundi wa mguu.

Niliubonyeza muundi ule taratibu kwa kidole gumba, akashtuka na kuvuta pumzi. Hakuwa na homa, hakukohoa, hakuwa amekonda, na uti wa mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nikamwomba ainuke bila kushika benchi. Alijaribu, akashindwa, akajaribu tena, kisha akacheka kwa hasira. "Kanisani watu wanasimama kuimba, mimi nakaa," alisema. "Pasta alisema mbele ya watu eti mimi nina kiburi kwa Mungu. Daktari, kama ni kiburi, ni ya miguu." Sista Akai, aliyekuwa nyuma yangu na trei ya sindano, aliiweka trei chini, akapita mbele, akampa mkono na kumwinua.

Nilimuuliza anakula nini. Mahindi, maharagwe, mtama ukija. Na maziwa? Alinitazama kana kwamba nimemtania. "Kwetu baba yangu alikuwa na ng'ombe, Daktari. Nakunywa asubuhi, nakunywa jioni. Hapa, tangu nifike, sijaonja." Na mchana anashinda wapi? "Kwa cherehani." Jibu hilo halikuniridhisha, kwa hiyo kesho yake nilimfuata nyumbani kwake. Chumba cha kazi kilikuwa cha matofali ya udongo, hakina dirisha, na mlangoni lilining'inia pazia la gunia lililozuia vumbi lisichafue vitambaa. Taa ya mafuta ilikuwa ikiwaka juu ya mashine saa nne ya asubuhi. Sare za buluu zilikuwa zimekunjwa juu ya turubai, na nje ya pazia watoto wake wawili, ambao kila mmoja alinyonya hadi akajua kukimbia, waligombania kifuniko cha sufuria. Adut aliingia humo alfajiri na kutoka jua likizama. Jumapili alikwenda kanisani, tena amejifunika shuka. Nilisimama katikati ya chumba kile, katika mojawapo ya sehemu zenye jua kali kabisa nchini mwetu, na sikuweza kusoma saa yangu ya mkononi. Hapo ndipo nilipojua.

Leo nawaeleza wanafunzi jambo hili kwa sentensi mbili. Mfupa unahitaji kalsiamu, na mwili hauwezi kuichukua vizuri kutoka kwenye chakula bila vitamini ambayo ngozi huitengeneza ikipata jua. Adut alikosa yote mawili, huku mimba na kunyonyesha vikiendelea kuchota kile kidogo kilichobaki, na mifupa yake ikawa inalainika akiwa hai. Ugonjwa huo unaitwa osteomalasia, na picha zote nilizowahi kuonyeshwa chuoni zilikuwa za wanawake wa miji ya baridi na moshi wa viwanda, wala hakuna mwalimu aliyetaja Turkana. Lakini maumivu hayakuwa hofu yangu kubwa. Mifupa ya nyonga ikilainika hubonyea kwa uzito wa mwili, na nilipompima Adut niligundua kwamba njia ya mtoto ilikuwa imebanwa kutoka pande zote. Wale wawili wa kwanza walipita. Huyu wa tatu asingepita, na mpasuaji wa karibu tuliyemtegemea wakati ule alikuwa Lodwar, mwendo wa saa kadhaa kwa msafara wa magari yenye polisi kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Jioni nilipomweleza Akai, aliacha kula. "Kwa hiyo akishikwa na uchungu hapa, atakufa," alisema. Nikamwambia ndiyo, yeye na mtoto. "Basi hatazalia hapa," alisema, akaendelea kula. Tangu siku ile hakubishana nami tena juu ya Adut; alibishana na watu wengine wote.

Mpasuaji wa Lodwar nitamwita Daktari Ombati. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mikono mizuri na viatu vya akala vya matairi, na alikuwa amekaa kule muda mrefu kiasi cha kuchoshwa na vijana kama mimi. Nilipompeleka Adut, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavuta pazia la dirisha la ofisi yake. "Osteomalasia? Lodwar? Unaona kile kitu nje? Lile ni jua, Daktari Mumbua. Hapa hata mbuzi wanalikimbia."

"Jua liko nje, Daktari," nilimjibu. "Yeye yuko ndani."

Hakupenda jibu hilo, akanituma nikapumzike. Walinipa chumba kando ya jiko la wafanyakazi, chenye harufu ya kabichi na mafuta ya taa, na nikiwa nimejinyoosha alasiri ile nilimsikia barazani akinywa chai na matroni. "Hawa vijana huja huku na vitabu vyao," alisema. "Atamtia mama wa watu hofu bure, na atanijazia wodi." Matroni akasema, "Lakini haogopi kukujibu." "Hilo nimeliona." Kijiko kilizunguka kikombeni kwa muda mrefu. "Haya, mwambie wa eksirei ampige picha ya mapaja, tumbo lifunikwe kwa aproni ya risasi. Kama hakuna kitu, warudi Kakuma na gari la kwanza." Wengi wangelia wakisikia hivyo. Mimi nililala vizuri sana, kwa sababu nilijua kitakachoonekana.

Kilionekana. Ombati aliiinua ile picha dirishani: upande wa ndani wa paja la kulia palikuwa na ufa mfupi, mpana, ulioingia nusu ya mfupa; na paja la kushoto, mahali palepale, ufa kama huo. Mtu akianguka havunjiki pande mbili kwa mfano mmoja. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akatazama tena. "TB haifanyi hivi," alisema hatimaye. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba hatujawahi kukosana: "Achana na hizo dawa za kifua. Mpe kalsiamu na vitamini, tuna kopo moja la vidonge vya mafuta ya samaki pale stoo. Na mlete kabla ya uchungu. Nitampasua mwenyewe." Wodi ilikuwa imejaa na Adut alikuwa na watoto nyumbani, kwa hiyo tulirudi Kakuma tukingoja mwezi wake.

Kilichobaki kilikuwa kibali cha ndugu za mume wa Adut. Shemejiye Majok, aliyekuwa mkubwa wa ukoo pale kambini, alikuja zahanati na wanaume wawili wakakataa kuketi. Alikuwa mtu wa heshima, na hofu yake ilikuwa ya kweli: walikuwa wamewazika wengi njiani, na sasa binti wa mjini alitaka kumlaza mke wa ndugu yake mezani na kumkata akiwa mzima. "Wanawake ya kwetu hawakatwi," alisema. "Mungu anafungua njia." Akai alifungua mdomo, lakini Adut alimtangulia. Alikuwa kwenye benchi, na hakujaribu kusimama.

"Majok, wewe tulitembea pamoja kutoka kule," alisema. "Nilibeba mtoto, nikabeba na unga. Uliona mimi nachoka?"

"Hapana."

"Ulisikia mimi nalia?"

"Hapana, Adut."

"Basi leo nakuambia nimechoka. Njia imefungwa. Daktari ameweka mkono ameona. Mimi nataka kisu, na nataka wewe uangalie watoto mpaka nirudi." Majok aliniuliza mimi, si Akai, kama nitakuwa ndani ya chumba wakati wa kukata. Nilimwambia nitakuwa nimesimama kando ya kichwa chake. "Sawa," alisema, na ndipo alipoketi.

Tulipanga kusafiri mapema, lakini uchungu ukaanza siku ileile ya safari. Msafara uliondoka asubuhi, Adut akiwa amelala kwenye godoro nyuma ya gari letu, na katikati ya njia tukakuta laga imejaa. Laga ni mto wa mchanga mtupu. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima asijue ni mto. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali na macho yetu, na maji ya rangi ya kahawia yalikuwa yakipita mbele yetu yakivuta miti mizima. Magari yalizima injini. Nilipima mapigo ya moyo wa mtoto, nikapima tena, nikamwambia Adut ukweli kila mara: bado ana nguvu. Upande wetu wa maji walikuwepo pia wanawake wa Kiturkana na ngamia wao, nao wamekwama, na mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Nakiru, alikuja kuchungulia ndani ya gari. "Ejok," alisalimia, akamtazama Adut, akaenda, akarudi na kibuyu cha maziwa. Adut aliisikia harufu kabla hajakiona kibuyu, akanyoosha mikono yote miwili.

Ilinibidi nimnyime. Mtu anayekwenda kupasuliwa hapaswi kuwa na maziwa tumboni, na nilimweleza hivyo, naye akanitukana kwa Kidinka kwa ufasaha ambao haukuhitaji mkalimani. Wote tulicheka, hata yeye, kati ya uchungu mmoja na mwingine. Akai alishuka akakaa mchangani na Nakiru wakazungumza Kiturkana kwa muda mrefu, wakipandisha sauti na kuishusha. "Nimemwambia huyu anashona," Akai alinieleza aliporudi. "Nao wanakaa karibu na Kakuma na ngamia wao. Yeye anataka nguo ya watoto. Tutaongea akishazaa." Mwaka ule watu wa kambini na wenyeji walikuwa wakigombana kwa kuni na kwa mbuzi, na wanaume walikuwa wamefanya mikutano mingi isiyozaa kitu. Wanawake wale wawili walimaliza lao kando ya maji ya laga, miguu yao ikiwa imezikwa mchangani.

Maji yalipungua alasiri. Gari la polisi lilipita kwanza, letu likafuata, na tulifika Lodwar jua likielekea kuzama. Ombati alikuwa ameshanawa mikono. Nilisimama kando ya kichwa cha Adut kama nilivyoahidi, hadi alipolala. Kisha nikavuka upande wa pili kumsaidia mpasuaji. Alipokwisha kumtoa mtoto, msichana mwenye sauti kali, alinishika kiganja akakiweka kwenye mfupa wa nyonga kwa ndani. "Sikia hapo," alisema. Ulikuwa umejikunja mithili ya mkeka uliokaliwa. "Asingepita huyu. Hata angekuwa paka." Asubuhi yake, wauguzi walipomuuliza Ombati mgonjwa wa kitanda cha mwisho ana nini, aliwajibu bila kugeuka: "Muulizeni Daktari Mumbua. Huo ni ugonjwa wake."

Mifupa haiponi kwa haraka ya furaha ya mtu. Ilichukua miezi. Nakiru alileta maziwa asubuhi, Adut akamshonea watoto wake na baadaye watoto wa dada zake, na Akai akasimamia mapatano yale kama hakimu. Cherehani ilitolewa nje baada ya ugomvi mkubwa kuhusu vumbi. Majok mwenyewe alijenga ua wa matete kuizunguka, usio na paa, na Adut akawa anashona humo asubuhi mikono ikiwa wazi, mtoto kando yake kwenye karai. Siku moja Akai alimwambia mbele yangu, "Mimi nilisema wewe unapenda kukaa. Nilikosea." Adut alifunga uzi kwa meno akasema, "Umeshanitafutia maziwa. Maneno hayo yameisha." Kabla ya Krismasi aliinuka kanisani bila kushikwa, na nasikia pasta alisimamisha wimbo, akaomba msamaha kabla hajauanzisha upya.

Hapo ndipo wengine walipoanza kuja, kwa sababu Adut hakuwa mtu wa kunyamaza. Walikuja wanawake wa Kisomali walioishi ndani ya nyua zilizofunikwa, mpishi wa Kiturkana aliyeshinda jikoni gizani, bibi kizee wa Kikongo aliyevunjika mkono kwa kufungua mlango. Si wote waliokuwa na ugonjwa uleule. Wengine mifupa yao haikuwa laini bali imekonda, tatizo jingine kabisa, nami sikuwa na jina la kila nilichokiona. Lakini wote walikuwa wameambiwa maneno yaleyale: ni wavivu, ni wazee, wana majini. Nilijifunza kwamba naweza kukaa na mtu mmoja saa nzima nikimuuliza anakula nini na anakaa wapi, na nisichoke. Wenzangu wa chuo walitaka upasuaji au watoto. Mimi nilijua ninachotaka, na sijapata kukitilia shaka tangu siku hiyo.

Mwaka uliofuata nilirudi Nairobi kuomba nafasi ya masomo ya juu. Profesa aliyenihoji alikuwa na ofisi yenye mazulia na kiyoyozi, nami nilikuwa bado na vumbi la Kakuma kwenye mshono wa viatu. Aliniuliza nataka kubobea katika nini. Nilimwambia: homoni, na katika homoni, mifupa inayodhoofika. Alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse moto.

"Una alama nzuri, Daktari Mumbua. Lakini fikiria maisha yako. Hayo ni magonjwa ya Ulaya. Ukifungua kliniki ya namna hiyo hapa, utakaa peke yako. Huku kwetu wagonjwa hao hawapo. Mimi nimefanya kazi hapa maisha yangu yote, na sijawahi kuona hata mmoja akiingia mlango huo."

"Wapo, Profesa," nilimwambia. "Hawaingii kwa sababu hawawezi kuinuka."

Mtambo wa baridi ulinguruma juu ya vichwa vyetu. Kisha Profesa akavuta kiti chake karibu na meza, akaniambia nimweleze kuanzia mwanzo, na nikamweleza hadi chai yake ikapoa.

Nilianza masomo Jumatatu iliyofuata.